Injini Mbili Si Usalama Maradufu

Wengi wetu tukiona ndege ya injini mbili ikitua Kabunde hapa Homa Bay, au Lichota kule Migori, husema, "Hiyo haianguki bwana! Moja ikizima, si kuna nyingine?" Hata mimi nilisema hivyo, mpaka likizo iliyopita binamu yangu, anayesomea urubani katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, aliponicheka.

Alinieleza kwamba kabla ya kurusha ndege ya injini mbili, mwanafunzi hukalishwa darasani kwanza. Huko hakuna kupaa. Ni ubao, hesabu na maswali tu. Somo kubwa si kuendesha injini mbili, bali kubaki hai na moja.

Hebu fikiria mashua hapa ziwani, yenye wavuta makasia wawili, mmoja kila upande. Wa kushoto akiacha kuvuta na wa kulia aendelee, mashua itageuka kushoto. Ndege nayo ni vivyo hivyo. Injini ya kushoto ikizima, pua huvutwa kushoto, naye rubani hukanyaga pedali ya kulia ili usukani wa mkiani uinyooshe. Lakini usukani huo hutegemea upepo wa mwendo. Mwendo ukipungua mno, usukani hushindwa, na ile injini nzima ndiyo itakayoipindua ndege! Ndiyo sababu kipimo cha mwendo kina mstari mwekundu: usishuke chini ya hapo. Mstari wa buluu nao huonyesha mwendo bora wa kupandia kwa injini moja.

Pili, kuna hesabu. Injini moja ikifa, nguvu hupungua kwa nusu, lakini uwezo wa ndege ndogo kupanda hupungua kwa asilimia 80 au zaidi. Kwa nini? Nguvu iliyobaki karibu yote hutumika kuizuia isishuke. Wilson uko mita 1,690 hivi juu ya bahari, na hewa huko ni nyepesi. Ndege ndogo iliyojaa mizigo huenda isipande kabisa. Kwa hivyo uzito hupigiwa hesabu kabla ya safari.

Tatu, ni injini ipi iliyokufa? Hufundishwa hivi: mguu usiokanyaga ndio upande wa injini iliyokufa. Rubani huhakikisha kwanza, ndipo aizime na kugeuza mapanga ya propela yakate upepo kama kisu. Tarehe 4 Februari 2015, mjini Taipei, Taiwan, ndege ya TransAsia ilipoteza nguvu za injini ya kulia punde tu baada ya kupaa. Rubani akazima ya kushoto, iliyokuwa nzima. Kati ya watu 58 waliokuwemo, 43 walikufa. Kweli, haraka haraka haina baraka.

Mimi bado nataka kuwa rubani. Ila siku hizi kipindi cha fizikia sisinzii tena. Wenzangu mnaotamani kuruka, tuanzieni hapa chini.