Moshi wa Kibondo Unasubiri Mpimaji

Nyanda za juu za Kigoma huanza kufuka mwezi wa Juni, mvua zikishakatika. Mkulima anachoma shamba alitayarishe kwa msimu ujao, mfugaji anachoma ili majani machanga yachipue, mrina asali anaacha kijinga msituni, na mioto mingine haina mwenyewe. Tanuri za matofali nazo zinawaka pembezoni mwa vijiji. Ikifika Agosti, jua la jioni ni jekundu na vilima vya upande wa Burundi vimemezwa na ukungu wa moshi. Setilaiti za NASA huiona mioto hiyo na kuiweka kwenye ramani kama vitone vyekundu, bure kwa yeyote mwenye simu na bando. Lakini setilaiti haiingii jikoni, na sehemu kubwa ya moshi ambao watu wa wilaya za Kibondo na Kasulu, magharibi mwa Tanzania, wanauvuta iko huko.

Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena Oktoba 2015, Warundi walipokuwa wakivuka mpaka kwa maelfu kukimbia machafuko ya mwaka ule. Kambi ya Mtendeli, wilaya jirani ya Kakonko, ilipofungwa mwaka 2021, watu wake walihamishiwa Nduta. Hapo wakaishi makumi ya maelfu ya watu, na chungu kilichemka kwa kuni za miombo. Mjadala wa kuni hizo umekuwa juu ya misitu inayokwisha na wanawake wanaoviziwa porini, nao ni mjadala wa haki. Kilichozungumzwa kidogo ni yanayotokea kuni zikishafika nyumbani: mtu ameinamia mafiga, mtoto yuko mgongoni, na maharage bado magumu. Katika vijiji vya wenyeji Waha vinavyoizunguka kambi hali ni ileile. Mkimbizi na mwenyeji wanaweza kugombania kuni. Moshi wake wanavuta wote.

Chembe zinazodhuru zaidi ndani ya moshi huo ni zile zenye kipenyo cha chini ya maikrometa 2.5. Unywele wa binadamu una unene wa maikrometa 70 hivi, kwa hiyo chembe hizi hazizuiwi na nywele za pua wala koo. Hushuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zilizo ndogo kabisa huingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango linachokipendekeza, wastani wa mwaka, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Jikoni penye kuni na paa la chini, hesabu hupanda hadi mamia, na moto unapowashwa au kuchochewa huweza kupita elfu.

Utafiti ambao mtu wa Kibondo angefaa kuujua ulifanyika Laikipia, Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walizifuatilia kaya 55 zenye watu 345 katika shamba la mifugo la Mpala, kwa zaidi ya miaka miwili. Hawakutundika kipimo ukutani na kuondoka. Walifuatilia nani yuko wapi ndani ya nyumba, saa ngapi, na anafanya nini, kwa sababu dakika chache za kuchochea moto au kugeuza ugali zinaweza kumwingizia mpishi moshi mwingi kuliko saa kadhaa za kukaa pembeni. Matokeo yao yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2001. Magonjwa ya njia ya hewa yaliongezeka kadiri moshi ulivyoongezeka, ila ongezeko hilo lilikuwa kali zaidi katika viwango vya chini, na kasi yake ikapungua moshi ulipopita maikrogramu 1,000 hadi 2,000 (wao walipima chembe za hadi maikrometa 10). Kwa maneno mengine, jiko linaloupunguza moshi kutoka mwingi kupindukia hadi mwingi tu halijamponya mtu. Ni taarifa chungu kwa miradi iliyogawa majiko banifu ikapiga picha na kuondoka, maana bila kupima huwezi kujua jiko lako limekuacha upande gani.

Kupima siku hizi si ghali kama zamani. Vipo vifaa vidogo vyenye feni inayovuta hewa na mwale wa leza unaopita katikati yake. Chembe zinatawanya mwanga, na kifaa kinakadiria wingi wake. Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kina mradi wa AirQo, ulioanzishwa mwaka 2015 chini ya Engineer Bainomugisha, ambao huunda vifaa vyake wenyewe vya kustahimili vumbi, joto na umeme wa kukatika. Baadhi walivifunga kwenye bodaboda ili vizunguke mjini. Takwimu husafiri kwa laini ya simu, kama ujumbe mwingine wowote.

Hapa ndipo wafadhili wengi huishia, wakidhani kazi imekwisha. Kifaa cha leza hudanganywa na unyevu: asubuhi yenye ukungu, kama zile za Kasulu wakati wa masika, chembe hunyonya maji na kuvimba, zikatawanya mwanga zaidi, na kifaa kikatangaza uchafu usiokuwepo. Feni huzibwa na vumbi. Buibui hujenga ndani. Salio huisha. Dawa ya unyevu ni kukiweka kifaa kwa wiki kadhaa kando ya mtambo mkubwa wa rejea, kulinganisha namba za vyote viwili na kutengeneza hesabu ya kusahihisha, kisha kurudia tena baada ya muda. Yote hayo yanahitaji mtu anayelipwa, anayeishi karibu, na anayeelewa kwa nini namba ya saa 12 asubuhi isiaminiwe haraka.

Mitambo ya rejea ni michache Afrika Mashariki. Kwa miaka kadhaa watafiti waliegemea ile iliyokuwa kwenye balozi za Marekani, ukiwamo wa Kampala. Machi 2025 serikali ya Marekani ikaacha kuzitoa hadharani takwimu za balozi zake duniani kote. Kilichokuwa chombo cha wote kikanyamaza kwa uamuzi uliofanyika Washington.

Nchi hiyohiyo, hata hivyo, ina mfano wa kuigwa. Marekebisho ya Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1990 yaliruhusu makabila ya wenyeji wa asili kutendewa kama majimbo katika kusimamia hewa ya ardhi zao. Mamlaka bila wataalamu ni karatasi tu, kwa hiyo mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Northern Arizona kilianzisha taasisi ya kuwafunza wataalamu wa mazingira wa makabila, na ruzuku za serikali kuu zikalipia kozi za kupima hewa na nafasi za vijana kujifunzia kazini. Huko Las Vegas kikaanzishwa kituo kinachoazimisha vifaa na kufundisha namna ya kuvitunza. Ninachokipenda katika mpango huo ni kwamba fedha zilimlenga mtu kwanza. Kabila lenye kijana aliyefunzwa linaweza kuazima kipimo. Lenye kipimo peke yake litakuwa na kisanduku kwenye nguzo.

Je, Kibondo ingeanzia wapi? Haianzii sifuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka kila halmashauri iwe na ofisa mazingira na inazitambua kamati za mazingira za vijiji. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zilifuata mwaka 2007. Kibondo ina chuo cha uuguzi, Kasulu ina chuo cha maendeleo ya wananchi, na wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka wilaya hizi hutafuta sehemu za kufanyia fildi kila mwaka. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa fedha za mafunzo kwa vitendo kwa wanufaika wake. Kinachokosekana ni nafasi yenye jina la kazi ya kupima hewa. Kijana wa Kiha ana faida nyingine pia: Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba anaweza kumweleza mama Mrundi namba za jiko lake bila mkalimani.

Sababu ya kuharakisha ipo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa. Shule ya bweni ya Kasulu ikihamia gesi leo, moshi wa jiko lake la kuni hautapimika tena. Namba ya kulinganishia lazima ipatikane kabla ya mtungi kufika. Na kwa moshi wa nje, vifaa vingepaswa kufungwa Machi au Aprili, visahihishwe wakati masika yangali yanasafisha anga na unyevu uko juu, ili Juni moto wa kwanza wa nyasi uvikute tayari.