Binti Yako na Koti la Herufi

Binti anayesoma chuo kikuu huko Marekani anapotuma picha nyumbani, pengine utamwona amevaa koti la rangi kali. Kifuani limeshonwa herufi kubwa za Kigiriki, mgongoni jina la utani na namba. Sisi wazazi hufurahi bila kujua ni sare ya nini. Akina mama wenzetu, yafaa tujue, maana wavaao makoti hayo wako wa namna mbili.

Wa kwanza ni wa vyama vya udada. Alpha Kappa Alpha kilianzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Rangi zake ni waridi na kijani. Delta Sigma Theta kilianzishwa hapo hapo mwaka 1913 na wanafunzi wa kike 22. Machi mwaka huo huo waliingia barabarani kuandamana wakidai wanawake waruhusiwe kupiga kura. Udada huo ni wa maisha: hata bibi mwenye wajukuu bado huvaa rangi za chama chake.

Wa pili ni wa vyama vyenye herufi kama hizo lakini kazi nyingine: kutambua waliofaulu masomo, kuunganisha watu wa fani moja, au kutoa huduma, kama Alpha Phi Omega kilichoanzishwa mwaka 1925. Baadhi ya wanachama wao huiga vyama vya udada: makoti, majina ya utani, miito, ishara za vidole, hata ngoma za kukanyaga kwa vishindo. Wenye udada huudhika. Ni kama mtu kushona kitenge cha sare ya akina mama wa kanisani bila kuhudhuria kikao hata kimoja.

Hata hivyo tuseme haki. Herufi si mali ya vyama vya udada. Phi Beta Kappa, chama cha wasomi, kilianza Virginia mwaka 1776, kabla chama chochote cha udada hakijakuwapo. Mtoto aliyefaulu ana haki ya kuvaa alama yake.

Linalotutia hofu ni kwamba kuiga kunaweza kupita nguo. Vyama vya udada vyenyewe vimepata doa la kuwatesa wanaoingia: kuwanyima usingizi, kuwatukana, hata kuwapiga. Anayeiga koti anaweza kuiga na hilo. Wala mateso hayachagui aina ya kundi. Novemba 2011, mjini Orlando, Florida, kijana wa bendi ya chuo kikuu alifariki baada ya kupigwa na wenzake ndani ya basi. Mwishoni mwa mwaka 2024 Marekani ilipitisha sheria inayovitaka vyuo vitoe taarifa za mateso hayo, yawe yametokea katika kundi lolote la wanafunzi.

Basi mama, binti akiomba fedha za kiingilio, usikimbilie kukataa wala kutuma. Muulize kwa upole: Chama hiki kinafanya kazi gani? Je, chuo kinakitambua? Ili kuingia, mtatakiwa kufanya nini? Na la mwisho: kuna jambo lolote mmekatazwa kuwaambia wazazi? Akinyamaza hapo, usikate simu. Endelea kuzungumza naye mpaka aseme.