Shuka Zinazopanda Mlima kwa Mgongo wa Lama

Je, wajua shuka za LeConte Lodge hufikaje kitandani? Wageni wengi hawaulizi. Hufika juu wakihema, wakapiga picha jua likizama, wakakimbilia mezani. Habari za hoteli hii nazo huandikwa vivyo hivyo: mawingu, machweo, mawingu tena. Mimi milima yenye mandhari nzuri nimechoka kuisoma. Hizo shuka ndizo zinazonishughulisha.

Hoteli iko Tennessee, Marekani, karibu na kilele cha Mlima LeConte, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains. Ni zaidi ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na barabara haifiki. Njia fupi kuliko zote, ya Alum Cave, ni mwendo wa kupanda wa kilomita 8 na ushee. Jack Huff alianza kujenga hapo mwaka 1926, hifadhi yenyewe ikiwa bado haijaanzishwa; ilikuja 1934. Huyo Huff ndiye aliyemfunga mama yake mgonjwa kwenye kiti, akambeba mgongoni mpaka juu. Picha ipo.

Tangu hapo mambo hayajabadilika sana. Vibanda vya mbao, blanketi za sufu, taa za mafuta ya taa, beseni la kunawia. Umeme hakuna, bafu hakuna. Hulala watu 60 hivi kwa usiku, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Novemba, na nafasi hugombewa miezi mingi kabla. Vitu vizito, kama gesi ya kupikia na chakula kisichooza, hupelekwa na helikopta kabla ya msimu kufunguliwa. Lakini watu 60 huchafua shuka na hutaka mboga mbichi, na helikopta haiwezi kuitwa kila mara kwa ajili ya foronya.

Kazi hiyo zamani ilikuwa ya farasi. Tangu 1986 ni ya lama, wale jamaa wa ngamia kutoka milima ya Andes. Mara tatu kwa wiki msafara wao hupanda njia ya Trillium Gap, hupita nyuma ya maporomoko ya Grotto maji yakianguka mbele yao, na kufika na shogi zilizojaa shuka safi na vyakula. Hurudi siku hiyohiyo na shuka chafu pamoja na taka.

Watu hudhani lama waliletwa ili kufurahisha watalii. Hili huniudhi, maana sababu iko kwenye unyayo. Uzito wa farasi hukaa kwenye ukingo mgumu wa kwato, mara nyingi kukiwa na chuma chini yake. Kwenye njia yenye maji, ukingo ule hukata udongo na kuulegeza. Mvua inayofuata huubeba, na ule mkato mdogo hugeuka mfereji. Vilele vya Smoky hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo mfereji hauchukui muda. Lama hana kwato ya namna hiyo. Ana vidole viwili, kila kimoja na ukucha wake mbele, na chini yake ngozi nene yenye mto laini unaotanuka anapokanyaga. Isitoshe, mwili wake ni mwepesi mara mbili au tatu kuliko wa farasi. Watafiti wa Montana katika miaka ya 1990 walilinganisha njia zilizopitwa na farasi, lama na watu, wakapima udongo uliosombwa. Farasi waliharibu zaidi. Lama walikuwa sawa tu na watu waendao kwa miguu.

Tena ni mnyama anayejua haki yake. Hubeba kama robo ya uzito wake, kilo 30 na kitu, akishazoea. Mzidishie, atakunja miguu na kulala papo hapo njiani. Mvute, mbembeleze, haondoki mpaka upunguze, na ukimchosha zaidi atakutemea mate. Nikiwaza wapagazi wa Kilimanjaro, ambao kanuni huwawekea mzigo wa kilo 20, huona lama amepewa uhuru ambao kijana anayelipa ada ya shule ya mdogo wake hana. Kijana huyo hawezi kulala njiani.

Na zile taka zinazoshuka! Hoteli isiyo na barabara inateremsha uchafu wake kwa mgongo wa mnyama, ilhali kwetu kuna hoteli za mbugani zenye lori mlangoni ambazo bado zinachimba shimo nyuma ya jiko na kuwasha kiberiti.

Jambo moja zaidi. Ukoo wa ngamia ulianzia Amerika Kaskazini, ukatawanyika: wengine Asia na Afrika, wengine Amerika Kusini. Waliobaki walitoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Anayepanda LeConte na foronya, basi, yuko kwa babu zake.

Mbali na mizigo, lama hutoa sufu, hulinda kondoo dhidi ya mbwa mwitu wadogo wa Marekani, hutoa mbolea, nyama pia huko Andes, na kingamwili ndogondogo za damu yake hutumiwa na watafiti wa dawa. Ukitaka kuwaona kazini, subiri asubuhi kwenye njia ya Trillium Gap. Wakija, kaa pembeni, nyamaza, na usinyooshe mkono kuwapapasa.