Uteuzi wa Foklifti ya Umeme: Mtazamo wa Ghala la Saruji Kahawa Wendani

Kahawa Wendani ni mtaa wa eneo la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, usio mbali na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tangu upanuzi wa Barabara Kuu ya Thika ukamilike mwaka 2012, ujenzi wa nyumba za kupanga umeshamiri katika ukanda huu, na pamoja nao maduka na maghala ya vifaa vya ujenzi. Aghalabu saruji hushushwa kwa mabega ya vibarua, mfuko baada ya mfuko, kila mmoja kilo 50. Mwenye ghala anayetaka kuwapunguzia adha hiyo hushauriwa kununua foklifti ya umeme. (Jina hili limekwisha kukubalika vinywani mwa watumiaji kabla ya wanaistilahi kuliamulia, hapa linatumiwa vivyo hivyo.) Ushauri huo una mashiko, kwani moshi wa injini ndani ya ghala lililofungwa hubeba kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Hata hivyo, bei, ambayo ndiyo huulizwa kwanza, ndiyo inayostahili kuulizwa mwisho. Makala haya yanafafanua kwa nini mzigo na betri vitangulie.

Kila foklifti hubandikwa kibati cha uwezo wake. Kibati kikisema kilo 2,000, maana yake ni kwamba kitovu cha uzito wa mzigo kiwe milimita 500 kutoka mzizi wa uma. Paleti yenye mifuko 40 ya saruji ina kilo 2,000 kamili, kabla paleti yenyewe haijapimwa! Isitoshe, paleti ya urefu wa milimita 1,200 ikibebwa kwa urefu wake, kitovu husogea hadi milimita 600. Foklifti ni mizani ambayo egemeo lake ni magurudumu ya mbele. Ikichukuliwa kwamba kutoka ekseli ya mbele hadi mzizi wa uma ni milimita 400, mashine inayomudu kilo 2,000 kwa umbali wa milimita 900 itamudu kilo 1,800 tu kwa umbali wa milimita 1,000. Mlingoti ukiinuliwa juu sana, uwezo hupungua zaidi. Anayelipia tofauti hiyo ni dereva, au kibarua aliyesimama kando, mashine inapopinduka. Kwa mzigo huu, basi, foklifti ya tani 2.5 ndiyo ya kufikiriwa.

Betri nayo si chombo cha nishati tu, bali ni sehemu ya uzito unaoizuia mashine isianguke kifudifudi. Kwa hiyo, anayeing'oa betri nzito ya risasi na kutia ya lithiamu iliyo nyepesi, bila kufidia uzito uliopotea, huwa ameigeuza mizani bila kujua. Betri ya risasi huhitaji takriban saa 8 za kuchajiwa na muda wa kupoa. Hutaka kuongezwa maji, na inapochajiwa hutoa haidrojeni inayoweza kulipuka, hivyo chumba chake sharti kipitishe hewa. Ya lithiamu ni ghali, ila huweza kuchajiwa hata wakati wa chakula cha mchana. Mnunuzi wa mashine iliyokwisha kutumika ng'ambo aipime betri kwanza, maana rangi mpya haisemi lolote juu yake.

Betri ya volti 48 na ampea-saa 600 hubeba yuniti 29 hivi za umeme. Chaja zake nyingi huhitaji umeme wa fezi tatu, ilhali majengo mengi ya mtaani yameunganishwa kwa fezi moja. Tangu Desemba 2017 wateja wa kibiashara na wa viwanda wanaotimiza masharti hupunguziwa nusu ya bei ya nishati wanayotumia usiku, jambo linaloifaa betri ya risasi. Lakini giza lililoikumba Kenya tarehe 25 Agosti 2023 lingeiacha foklifti hiyo bila chaji asubuhi.

Sakafu isisahauliwe: magurudumu madogo yanayofaa saruji laini hukwama kwenye matope ya masika.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mitambo ya kuinua mizigo ikaguliwe na mtaalamu aliyeidhinishwa. Kabla ya kulipa, muuzaji na aombwe kuileta mashine ghalani, ipakiwe mifuko 40 ileile na ipandishwe ngazi mteremko ileile ya kupakilia, tena jioni, betri ikiwa imefanya kazi kutwa nzima.