Siku moja ya Bunkeya, habari tatu

Bandugu, tarehe 20 Desemba 1891 mwami Msiri aliuawa karibu na Bunkeya. Juu ya tarehe, vitabu vingi vinapatana. Njo habari yenyewe inageuka, kufuatana na mwenye kuiandika.

Joseph Moloney, munganga wa msafara wa kapiteni Stairs, alitoa kitabu chake mwaka 1893. Kwake, Msiri ni mtawala mukali na mwenye kuuza batumwa, na msafara unaleta amani. Lakini Stairs alitumwa kwa faida ya mufalme Leopold II, aliyeogopa kama batu ba Cecil Rhodes batafika mbele yake kwenye shaba.

Bayeke nao wana maandiko yao, tangu Mukanda-Bantu, mutoto wa Msiri. Huku, Msiri ni mwami aliyekataa kuweka inchi yake chini ya Bazungu. Kapiteni Bodson akamupiga risasi, na Bodson naye akapigwa, akakufa.

Kisha uliza Basanga. Bao balikuwa hapa mbele ya Bayeke kufika kutoka Unyamwezi, na mwaka ule 1891 balikuwa bamekwisha kumuasi Msiri. Kwao, mugeni wa kwanza kuchukua inchi hakuwa muzungu.

Nani anasema bongo? Pengine hakuna. Msiri aliuza batumwa kweli, na Stairs alikuja kuchukua inchi kweli. Kila mumoja anaanzisha habari pale panapomufaa, na anapita haraka pale panapomuumiza.

Hii inatugusa sisi ba Likasi. Batoto betu bangali banasoma kama Jules Cornet alivumbua shaba ya Katanga mwaka 1892. Cornet alipima na kuandika, ni kazi kubwa. Lakini mashimo aliyakuta. Bankambo balikuwa banayeyusha shaba zamani sana, banaifanya misalaba ya kununulia vitu. Tena muji wetu uliitwa Jadotville, jina la Jean Jadot wa Union Minière, mpaka miaka ya 1960. Ukianzia kwa Jadot, bankambo banakosekana kabisa.

Basi, mutoto akileta kitabu chake nyumbani, tusikitupe. Tumuulize maulizo matatu: nani aliandika? Alianzia mwaka gani? Na nani hakupewa nafasi ya kusema? Kisha mumupeleke kwa mukubwa wa jamaa angali muzima. Yeye naye mumuulize yale yale.