Tuanze Tangini, Tusianze Pampuni



Msimu wa karafuu una haraka zake. Karafuu ikichelewa kuchumwa hufunguka maua, na iliyokwisha kukauka ikirowa njiani hupoteza sifa yake. Kwa hiyo sisi tunaovusha wachumaji na magunia kwa mashua za mashine hatuna budi kuzijua mashine hizo kama tunavyoijua mikarafuu yetu. Mashine ikizima katikati ya mkondo, si mali tu iliyo hatarini, bali na roho za watu.

Katika mashua za dizeli, malalamiko tunayoyasikia zaidi ni haya: mashine huwaka vizuri, ikishika mwendo hudhoofika, kisha huzima. Jawabu hutolewa papo hapo: "Pampu imekufa." Mwanachama mmoja alinunua pampu mpya, akaifunga, na ugonjwa ukabaki pale pale. Kumbe mpira wa kutoka tangini ulikuwa na ufa. Fedha zimekwenda, na siku mbili za uchumaji zimepotea.

Yafaa kwanza tuijue njia ya mafuta. Katika mashine nyingi mafuta hutoka tangini, hupita chujio la kwanza, huvutwa na pampu ndogo iliyo ubavuni mwa mashine, husukumwa kwenye chujio la pili, kisha hufika kwenye pampu kubwa inayolisha nozeli. Basi mwenye kutafuta ila na aifuate njia hiyo hiyo, hatua kwa hatua.

Kwanza, tangi. Hakikisha mafuta yamo na bomba limefunguliwa. Kisha legeza kifuniko. Mashine ikipata nguvu tena, tundu la kupitishia hewa tangini limeziba.

Pili, chujio la kwanza. Fungua skurubu ya chini, ukinge kwa chombo safi. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini. Yatoe mpaka ije dizeli tupu. Ukiona utelezi mweusi, tangi lataka kusafishwa, na chujio lataka kubadilishwa.

Tatu, hewa. Kati ya tangi na pampu mafuta huvutwa, hayasukumwi. Kwa hiyo ufa mdogo waweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone. Njia ya kujua ni hii: chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, uunganishe na mpira mwingine mzima, na ncha yake uitie katika debe la dizeli safi. Toa hewa, uwashe mashine. Ikienda bila kusita, pampu haina kosa. Ila iko nyuma yake, kuelekea tangini.

Nne, ndipo ije zamu ya pampu. Mashine ikiwa imezimwa, fungua bomba linalotoka kwenye pampu, ukinge, uupige mkono wake mdogo. Mafuta yatoke kwa nguvu, pigo kwa pigo. Ukiuona mkono umelegea hauna kazi, usikate tamaa: huenda kamshafti imeishika pampu. Zungusha mashine mzunguko mmoja, ujaribu tena.

Tano, na hili ndilo kubwa: tazama oili. Ndani ya pampu hizi mna kiwambo cha mpira. Kikipasuka, katika pampu za namna nyingi dizeli hushuka ndani ya mashine na kuchanganyika na oili. Chomoa kijiti cha kupimia. Oili ikiwa imepanda juu ya alama, nyepesi, na yanuka dizeli, usiiwashe mashine kabisa. Oili ya namna hiyo hailindi chuma, na mashine nzima yaweza kuharibika. Badilisha kiwambo au pampu, kisha oili na chujio lake.

Ukimaliza, toa hewa. Legeza skurubu ya juu ya chujio la pili, upige mkono wa pampu mpaka mapovu yaishe, kaza mafuta yakiwa yanatoka. Fanya hivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Usiweke mkono mbele ya nozeli inayorusha mafuta, kwani hupenya ngozi.

Haya ni ya dizeli. Mwenye mashine ya petroli asiyafanye, kwani mvuke wa petroli hujikusanya chini ya mashua, na cheche moja hulipua. Huyo amwite fundi.

Twawaomba wenye mashua wote wayapime haya zikiwa bado zimefungwa bandarini, kabla ya mchumo kuanza. Na kila chombo kichukue chujio la akiba, mpira na vibanio vyake, spana, nanga yenye kamba ya kutosha, na makasia. Chujio moja la akiba ni rahisi kuliko pampu, na nanga ni rahisi kuliko roho ya mtu.

Katibu