Kabla Hamjalipia Nyumba Yenu ya Kwanza

Kila mpangaji wa Dar es Salaam aijua siku ya kulipa kodi. Mwenye nyumba hataki kodi ya mwezi mmoja. Ataka ya miezi sita au ya mwaka mzima, tena kwa mkupuo. Baada ya miaka kumi ya kuishi hivyo, pamoja na kuhamahama, vyombo vikivunjika njiani na watoto wakibadilishiwa shule, si ajabu mume na mke kuketi jioni moja na kusema, "Sasa basi, tutafute pa kwetu." Fedha zipo: akiba ya kazini, mgao wa VICOBA, labda na shamba lililouzwa kijijini. Ndipo dalali atokeapo na nyumba "ya haraka, mwenyewe anasafiri."

Je, familia yenu imefika hapo? Basi yafaa mfahamu kwamba fedha hizo ni za mara moja. Zikipotea, zimepotea pamoja na miaka iliyozikusanya. Na hapa kwetu si kawaida kumpata mtaalamu ambaye kazi yake ni kukagua nyumba za watu na kuwapa ripoti kabla hawajanunua. Ukaguzi mwaufanya wenyewe, mkisaidiwa na watu wachache mtakaowalipa.

Nendeni kuitazama mvua ikinyesha

Dalali hupenda kuwapeleka wateja saa nne asubuhi, jua likiwaka na njia ikiwa kavu. Nendeni, lakini rudini. Rudini usiku, muone kama kuna mwanga njiani na kelele za aina gani zatoka kwa jirani. Kisha, hata kama mwauziwa mwezi wa Januari, jaribuni kungoja mpaka mvua kubwa moja inyeshe. Mvua za masika, Machi hadi Mei, huonyesha kila kitu ambacho rangi mpya imekificha.

Kama hamwezi kungoja, tazameni kuta za majirani. Maji ya mafuriko huacha mstari wa tope, na ukiuona umefika usawa wa goti katika nyumba tatu mfululizo, usiulize zaidi. Tazama pia vizingiti vya milango: mtu hajengi tuta la sementi mlangoni kwa mapambo. Na uliza kuhusu vyoo. Katika mitaa mingi ya mabondeni watu hungoja mvua ndipo wafungulie mashimo yao, uchafu uchukuliwe na maji. Uchafu huo hupita kwenye ua wa yule aliye chini. Mama mwenye watoto wadogo anajua maana yake ni nini.

Habari hizi hutazipata kwa dalali. Zipo bombani, gengeni, na kwa mama anayekaanga maandazi kwenye kona. Salimia, nunua kitu, kisha uliza: wenyewe wanahama kwa nini? Maji hutoka siku ngapi kwa wiki? Maji ya kisima ni matamu au ya chumvi? Sehemu nyingi za jiji lililo karibu na bahari, kisima hutoa maji ya chumvi yasiyofaa kupikia, na kununua maji kwa madumu kila siku ni gharama itakayowafuata miaka yote.

Wako waliojifunza jambo la mabonde kwa uchungu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wengi katika bonde la Msimbazi, na mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba katika bonde hilo zilipigwa alama nyekundu ya X na kubomolewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ufukweni. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo yaweza kuwa na kuta imara kabisa, vigae na madirisha ya alumini, na bado isiwe nyumba ya kununua.

Kuta, paa na shimo

Mchukueni fundi wenu. Nasema wenu, si yule aliyeletwa na muuzaji, wala si shemeji yake dalali. Mlipeni kazi ya siku moja, hata kama mwisho mtaamua kutonunua. Kwa nyumba ya ghorofa, fundi hatoshi, mtafuteni mhandisi.

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu si jambo la kutisha. Ufa wa kuogopwa ni ule unaoanzia kwenye pembe ya dirisha na kushuka kama ngazi kufuata maungio ya tofali, au ule unaopitisha sarafu. Huo wasema kwamba msingi unazama upande mmoja. Hutokea sana penye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na kurekebisha msingi ni ghali kuliko kujenga ukuta upya. Ukiona chumba kimoja tu kimepakwa rangi juzi na vingine havijapakwa, muulize fundi akitazame hicho kwanza.

Chini ya kuta, angalia kama lipu yamomonyoka na kuacha unga mweupe. Hiyo ni chumvi. Yawezekana mjenzi alitumia mchanga wa ufukweni au maji ya chumvi, au unyevu wapanda kutoka ardhini. Utaziba leo, itarudi mwakani. Tafuta mahali ambapo tofali halijapigwa lipu, mara nyingi ni ukuta wa nyuma au wa uzio, kisha likwaruze kwa ufunguo. Likimeguka kama mkate mkavu, sementi iliyotiwa ilikuwa ya kuhesabia.

Paa hulipuuzwa kwa sababu liko juu. Fundi apande darini na tochi. Mbao za kenchi zikiwa na vijia vya udongo, mchwa wameshafika. Zigongwe, zisikike kama zina uwazi ndani. Gonga na fremu za milango vivyo hivyo. Bati lina geji, na wengi hudhani namba kubwa ni bora. Ni kinyume: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Na dari jipya la jipsamu lenye madoa ya rangi ya chai lina habari zake.

Kisha nendeni nyuma. Shimo la choo liko wapi, lilijaa lini mara ya mwisho, na gari la kunyonya lapita wapi? Nyumba ambayo gari haliwezi kuifikia itawagharimu. Fungueni bomba zote kwa pamoja, washeni taa zote, mwagieni choo ndoo nzima ya maji. Muuzaji akinuna, mwacheni anune.

Nyumba ni ya nani?

Katika Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Mwananchi hupewa haki ya kuimiliki kwa muda. Sheria ya Ardhi ya 1999 ndiyo inayoongoza jambo hili mijini. Hati aghalabu huwa ya miaka 33, 66 au 99, kwa hiyo someni ilianza lini na imebakiza miaka mingapi. Penye makazi yasiyopimwa mtaonyeshwa leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi, au mara nyingi zaidi karatasi ya mauziano tu yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo ni ushahidi kwamba watu fulani waliuziana. Si hati, wala haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Kuhusu asilimia 10 ambayo baadhi ya viongozi wa mitaa huidai ili wagonge muhuri, ombeni waonyeshe sheria inayowapa, na risiti.

Kama kuna hati, msiridhike na kopi iliyowekewa nailoni. Wakili, au ninyi wenyewe, ombeni upekuzi rasmi katika ofisi ya msajili wa hati. Mtalipia ada ndogo na mtaambiwa jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama nyumba imewekwa rehani benki, na kama mtu ameweka zuio. Hiyo ni ada ya faida kuliko zote mtakazolipa. Kisha mpimaji aliyesajiliwa aende uwanjani kuhakikisha kwamba mawe ya mipaka ndiyo yaliyo kwenye ramani. Si mara moja watu wamenunua hati ya kiwanja kimoja na kuonyeshwa nyumba iliyo juu ya kingine. Kwenye halmashauri, ofisi ya mipango miji, ulizeni eneo hilo limepangwa kuwa nini. Kama mchoro waonyesha shule, soko au eneo la wazi, hapo si pa kuishi.

Barabara nayo ina mipaka yake. Kwa barabara kuu, kawaida ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande, lakini msipime kwa macho wala kwa kawaida. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda upande wa Kibaha, na baadhi zilionekana kwa wenyewe kuwa mbali sana na lami. Hifadhi ya barabara hiyo ilikuwa pana mno kuliko zingine.

Halafu kuna familia ya muuzaji. Muuzaji akiwa na mke au mume, Sheria ya Ndoa ya 1971 yakataza nyumba ya wanandoa kuuzwa na mmoja wao bila ridhaa ya mwenziwe. Basi mtakeni mke wa muuzaji aje, mwone uso wake, asaini mbele ya wakili. Mume akisema mke yuko safari, ngojeni arudi. Hapa ninyi wenyewe mwaweza kuwa chombo cha kumdhulumu mama mwingine bila kujua, na baadaye mahakama ikawanyang'anya nyumba. Mmiliki akiwa amefariki, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto wa kwanza hana mamlaka hayo kwa kuzaliwa tu, hata ukoo mzima ukimsifu.

Gharama ambazo dalali hazitaji

Bei ya nyumba ni mwanzo tu. Kuna ushuru wa stempu, karibu asilimia 1 ya thamani. Kwa nyumba ya shilingi milioni 70 ni kama shilingi laki saba. Kuna ada za kuhamisha na kusajili miliki, ada ya mthamini, ya mpimaji na ya wakili, ambaye heri mpatane naye kabla hajashika kalamu. Kuna kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida aliyoipata muuzaji. Kisheria ni yake yeye. Lakini bila kulipwa hati haihamishwi, na muuzaji akishapokea fedha zake zote huwa mgumu kupatikana kwa simu. Iandikwe katika mkataba nani atalipa, na sehemu ya fedha ibaki mpaka ilipwe.

Angalieni na madeni. Kodi ya pango la ardhi huenda haijalipwa kwa miaka kadhaa. Kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, hivyo mita isiyotumika muda mrefu yaweza kuwa na malimbikizo yatakayomeza umeme wenu wa kwanza. Bili ya maji vilevile.

Wenye kutegemea mkopo wa benki na wapige hesabu usiku mmoja wakiwa wametulia. Mkopo wa shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kwa miaka 15, hudai takriban shilingi 840,000 kila mwezi. Mwisho wake mtakuwa mmelipa kama milioni 151. Sisemi msikope. Nasema mama ajue kiasi hicho kabla ya kusaini, maana ndiye atakayeulizwa ada ya shule mwezi wa Januari.

Na wekeni fedha za pembeni kwa mwaka wa kwanza: vitasa vyote kubadilishwa, tangi la maji, nondo za madirisha. Malipo ya nyumba yapitie benki, kwa awamu, kila awamu ikiwa na maandishi.

Jina la mama

Nimeliacha jambo hili mwisho kwa sababu nyumbani nako huachwa mwisho. Hati itaandikwa majina ya nani? Katika nyumba nyingi baba ndiye aendaye kwa wakili, naye huandika jina lake, wala si kwa ubaya. Ndivyo alivyomwona baba yake akifanya. Miaka ikipita, akifariki, ndugu hufika na mkeka, na mjane huambiwa nyumba ni ya ukoo.

Sheria haikumwacha mama. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Lakini kudai haki mahakamani ukiwa na msiba si sawa na kuwa na jina lako kwenye karatasi. Sheria ya Ardhi yaruhusu wanandoa kumiliki pamoja, na kuna namna mbili ambazo wakili apaswa kuwaeleza. Katika ya kwanza mmoja akifariki, aliyebaki huwa mmiliki wa nyumba nzima. Katika ya pili kila mmoja ana fungu lake, na fungu la marehemu huingia katika mirathi. Wajane wengi wangalitamani ile ya kwanza, kama wangaliijua mapema.

Zungumzeni jambo hili kabla ya siku ya kwenda kwa wakili, mkiwa wawili, si mbele ya dalali. Majina yote mawili yaanze kwenye mkataba wa mauziano wenyewe, na yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho vyenu vya taifa; jina likitofautiana herufi moja mtaanza kutafuta viapo. Kuongeza jina baadaye, hati ikishatoka, kwahitaji fomu mpya, ada mpya na safari nyingine za ofisi ya ardhi.